Fomu ya bima ya kazini: mama aione kabla haijasainiwa

Katika ofisi nyingi za Arusha, mara moja kwa mwaka afisa utumishi hugawa fomu za bima ya afya. Kampuni ya utalii inahuisha mkataba wake na kampuni ya bima, shamba la maua linahakiki majina ya wategemezi, shule binafsi inawauliza walimu kama wanabaki na kifurushi cha zamani au wanahamia kipya. Fomu hupewa siku chache tu. Mara nyingi mfanyakazi huijaza palepale mezani, anaandika majina anayoyakumbuka, anasaini na kurudi kazini.

Nyumbani, wiki au miezi baadaye, mama ndiye anayebeba mtoto mwenye homa usiku. Ndiye anayesimama dirishani hospitali na kuambiwa jina la mtoto halipo, au kadi hiyo haipokelewi hapo. Uamuzi ulifanyika ofisini, lakini anayeishi nao ni yule anayelea. Fomu hii basi ni mali ya nyumba nzima, na anayejua ugonjwa wa kila mtu ndani ya nyumba anapaswa kuiona kabla haijarudishwa.

Makala hii inaeleza kwa nini jambo hili lina uzito zaidi sasa, na mambo ya kuangalia kwa mama au mlezi anayeishi Arusha mjini, Usa River, Tengeru, Ngaramtoni au vijiji vya Mlima Meru.

Mambo matatu yaliyobadilisha hali

La kwanza ni sheria. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Shabaha yake ni kila mkazi wa Tanzania awe na bima, na inamtaka mwajiri amsajili mwajiriwa wake. Sheria hiyo pia imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, lakini mwelekeo uko wazi: bima ya mfanyakazi haitakuwa tena hisani ya bosi mwema.

La pili ni Toto Afya Kadi. Kwa miaka kadhaa mzazi aliweza kumkatia mtoto mmoja bima ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, kwa Sh50,400 kwa mwaka. Machi 2023 Mfuko ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule au pamoja na familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanawaandikisha watoto wakiwa tayari wagonjwa, na matibabu yakazidi sana michango. Masharti ya kumsajili mtoto peke yake yamekuwa yakibadilika tangu wakati huo, hivyo uliza ofisi ya NHIF kabla ya kuitegemea njia hiyo. Kwa mzazi mwenye ajira, somo ni kwamba nafasi ya mtoto kwenye kadi ya kazini imepanda thamani. Mwaka unaokuja, mlango wa pembeni unaweza usiwepo.

La tatu ni mvutano wa Machi 2024. NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko unazilipa hospitali. Umoja wa watoa huduma binafsi ulisema bei hizo haziwezi kuendesha hospitali, na kuanzia tarehe 1 Machi hospitali kadhaa kubwa binafsi zikaacha kuwapokea wanachama wa NHIF. Baada ya mazungumzo, huduma zilianza kurejea ndani ya siku chache. Hata hivyo, kwa mama aliyekuwa na mtoto kliniki wiki ile, siku chache zilikuwa nyingi. Kadi ilikuwa hai, makato ya mshahara yalikuwa yamelipwa, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Ukiyaweka matatu haya pamoja, unaona kwamba swali la "bima ipi ni rahisi?" halitoshi. Maswali yanayoamua ni haya: nani ameandikwa, kadi inapokelewa wapi, inalipia nini, na itaishia wapi.

Kadi zinazokutana kwenye nyumba moja

Kabla ya kuchagua, jua unachagua kati ya nini na nini.

*NHIF kupitia mwajiri.* Watumishi wa umma wako hapa, pamoja na wafanyakazi wa taasisi binafsi zilizojiunga. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, na kwa kawaida mwajiri na mwajiriwa wanagawana nusu kwa nusu. Mwenye mshahara wa Sh400,000 anakatwa Sh12,000 kwa mwezi, na mwajiri anaongeza Sh12,000. Kadi inahudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne, jumla watu sita.

*Bima ya kampuni binafsi kupitia mwajiri.* Mwajiri anasaini mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja. Bima hii ina kikomo cha fedha: kiasi fulani kwa wagonjwa wa nje, kiasi kingine kwa kulazwa, kingine kwa uzazi, meno na macho. Pia ina orodha yake ya hospitali. Ofisi mbili zenye kadi ya kampuni ileile zinaweza kuwa na mafao tofauti kabisa, kwa sababu kila mwajiri amenunua kifurushi chake.

*CHF iliyoboreshwa.* Hii ni bima ya jamii, na haihitaji ajira. Huku mikoani kaya ya watu sita ilikuwa ikichangia Sh30,000 kwa mwaka. Huduma zinaanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

*Msamaha wa serikali.* Hii si bima, ila inaingia kwenye hesabu. Kwa sera ya afya, mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wanapaswa kuhudumiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo pia. Kila mlezi anajua upande wa pili: dawa ikikosekana dirishani, utaandikiwa ukanunue duka la dawa.

Nani aandikwe? Hesabu ya nafasi sita

Hapa ndipo fomu inapogusa ndoa na ukoo. Chukua mfano wa kawaida wa familia ya Usa River. Baba ni dereva wa watalii, na kampuni yake imejiunga NHIF. Mama anauza mboga soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi. Wana watoto watatu. Bibi mzaa baba anaishi Nkoaranga na ana shinikizo la damu. Bibi mzaa mama yuko Ngaramtoni na ana kisukari.

Baba na mama wamechukua nafasi mbili, watoto tatu. Imebaki moja, na mabibi ni wawili. Fomu ikijazwa ofisini bila mazungumzo, jibu linajulikana: mama wa mwenye mshahara ataandikwa. Huenda ndilo jibu sahihi, huenda silo. Hesabu ya haki inaanza na maswali: nani anatumia dawa kila mwezi, dawa hizo zinagharimu kiasi gani, na nani ana njia nyingine ya kutibiwa?

Bibi aliye na mtoto mwingine mwenye ajira ya serikali, kwa mfano, anaweza kuandikwa huko. Mwenye zaidi ya miaka 60 asiye na uwezo ana msamaha kwenye kituo cha serikali. Na familia inaweza kumkatia bibi wa pili CHF pamoja na wengine wa kaya yake. Mchango wake ni wa mwaka mzima, na ndugu wanne wakichangiana haumlemei yeyote.

Katika kupanga nafasi, mambo haya yanasahaulika mara kwa mara:

- Wote wawili mkiwa na ajira yenye bima, msiandike majina yaleyale. Kila mmoja anakatwa mshahara na kila mmoja ana fomu yake. Watoto wanaweza kukaa kwa mmoja na wazazi kwa mwingine. Nyumba nyingi zinapoteza nafasi nne kwa kurudia majina.

- Mtoto mdogo usimwache kwa kutegemea msamaha peke yake. Ni kweli ana haki ya matibabu bila malipo kituo cha serikali hadi atimize miaka mitano. Lakini watoto wachanga ndio wanaougua ghafla, na kituo kilicho karibu usiku huenda ni cha binafsi au cha kanisa. Ikibidi kuchagua, mtoto wa miaka saba mwenye pumu au selimundu hana msamaha wa umri, hivyo naye asiachwe.

- Mjukuu na mtoto wa ndugu hawaingii hivi hivi. Kwa utaratibu wa kawaida, mtoto anayekubaliwa kwenye kadi ya kazini ni wa kuzaa au aliyeasiliwa kisheria. Bibi anayelea wajukuu, au shangazi aliyechukua mtoto wa marehemu, asisubiri hadi mtoto augue ndipo agundue. CHF husajili kaya, kwa hiyo ulizia huko kwanza. Kama malezi ni ya kudumu, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakueleza hatua za kisheria.

- Karatasi ndizo zinazochelewesha. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa, mwenza anahitaji cheti cha ndoa, mtu mzima anahitaji namba ya NIDA. Familia nyingi huku Meru zimefunga ndoa ya kimila na hazina cheti. Anza kufuatilia vyeti sasa, kabla ya wiki ya fomu.

Usitegemee pia kwamba utabadilisha majina katikati ya mwaka kila unapotaka. Kampuni nyingi binafsi huruhusu nyongeza kwa tukio maalumu tu, kama kuzaliwa mtoto au kufunga ndoa, na hutoa siku chache za kutoa taarifa. Mama anayetarajia kujifungua aulize mapema: mtoto akizaliwa, tuna siku ngapi za kumwandikisha, na siku hizo kabla hajaandikwa nani anamlipia?

Kadi inapokelewa wapi?

Orodha ya hospitali kwenye kipeperushi cha bima inaweza kuwa ndefu na isikusaidie, kwa sababu hospitali nyingi zilizotajwa ziko Dar es Salaam. Wewe tafuta zako.

Fikiria safari halisi ya mgonjwa. Mtoto wa Poli au Nkoaranga akiugua, kituo cha karibu ni zahanati ya kijiji au Hospitali ya Nkoaranga ya Kilutheri. Wa Tengeru ana Hospitali ya Wilaya ya Meru. Wa Ngaramtoni ana Selian. Mjini kuna vituo vya afya vya Kaloleni na Levolosi, Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth, ALMC, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru. Hali ikizidi, rufaa ya kawaida ni KCMC, Moshi, karibu kilomita 80 kutoka Arusha.

Chukua kalamu uandike ngazi tatu: kituo unachoweza kufika kwa bodaboda usiku, hospitali ya kulazwa, na hospitali ya rufaa. Kisha uliza kwa kila moja: kadi hii inapokelewa? Usimuulize afisa utumishi peke yake. Uliza pia dirisha la bima la hospitali yenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua kama kampuni fulani imechelewesha malipo au mkataba umesitishwa.

Hapa ndipo tofauti ya bei inapojieleza. CHF ni nafuu sana, na kwa malaria, nimonia au kujifungua kawaida inaweza kukufikisha mbali. Lakini ngazi yake inaishia hospitali ya mkoa. Mtoto anayehitaji daktari bingwa wa moyo KCMC au Muhimbili atakuwa nje ya kadi hiyo. Kwa nyumba yenye mtoto wa namna hiyo, nafasi kwenye NHIF ya kazini haifai kuachwa.

Machi 2024 ilitufundisha jambo moja zaidi: kituo chako cha pili kiwe cha mmiliki tofauti. Kama unategemea hospitali binafsi, jua pia njia ya kwenda ya serikali au ya kanisa, na mtoto awe na faili huko.

Kadi inalipia nini?

Kwenye bima ya kampuni binafsi, kikomo kikubwa cha jumla kinaweza kuficha vikomo vidogo ndani yake. Mama aangalie hasa:

*Uzazi.* Je, kuna kiasi cha uzazi, na kinatosha upasuaji? Je, kuna kipindi cha kusubiri? Baadhi ya vifurushi havilipii mimba iliyoingia kabla ya bima au katika miezi ya mwanzo. Anayepanga mtoto mwakani anatakiwa kuchagua mwaka huu.

*Mtoto njiti.* Kulazwa kwenye chumba cha watoto wachanga kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Uliza kama gharama hizo zinatoka kwenye fungu la uzazi la mama au fungu la mtoto mwenyewe. Zikitoka kwa mama, zinaweza kuisha kabla mtoto hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

*Magonjwa ya kuzaliwa nayo na ya kudumu.* Selimundu, matatizo ya moyo, kifafa, kisukari: soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Kuficha ugonjwa wakati wa kujaza fomu si ujanja, kwani kampuni ikigundua inaweza kukataa dai.

*Meno.* Hili linatuhusu sisi wa Mlima Meru kuliko wengi. Maji ya maeneo kama Ngarenanyuki, Leguruki na Ngurdoto yana madini ya floridi kwa wingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na watoto wanaokua wakiyanywa hupata meno ya kahawia. Vifurushi vingi vinalipia kung'oa na kuziba, lakini kuondoa madoa huhesabiwa kuwa urembo. Usilipe ziada kwa fungu la meno ukidhani litasafisha meno ya mtoto kabla hujasoma masharti. Hela hiyo inaweza kufanya kazi zaidi ukitumia kupata maji salama ya kunywa kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanakomaa ndani ya fizi.

Kazi ikiisha, kadi inaishia wapi?

Arusha inaishi kwa msimu. Masika inapoingia, watalii hupungua na mikataba mingi ya madereva, wapishi wa safari na wahudumu wa hoteli husimama. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga utalii, watu wengi wa mji huu walipoteza kazi kwa mkupuo. Bima ya kazini hufuata kazi. Ajira ikikoma, kadi ya mume hukoma, na ya mke na watoto hukoma pamoja nayo.

Kwa hiyo mfanyakazi wa msimu aulize: mkataba ukisimama miezi miwili, bima inasimama? Mwajiri anaendelea kuchangia? Kama jibu ni kwamba inasimama, familia iwe na CHF pembeni. Kuilipia ukiwa na kadi nyingine kunaonekana kama kulipa mara mbili, lakini ni ngazi ya akiba kwa mwezi ambao mshahara haupo.

Maswali saba ya kupeleka ofisini

Yaandike kwenye karatasi umpe mwenza wako, au uyapeleke mwenyewe kama wewe ndiye mwajiriwa:

1. Majina gani yameandikwa sasa, na tahajia inalingana na vyeti?
2. Mwisho wa kurudisha fomu ni lini, na kadi mpya inaanza lini?
3. Hospitali gani za Arusha, Meru na Moshi zinapokea kadi hii leo?
4. Kikomo cha wagonjwa wa nje, kulazwa na uzazi ni kiasi gani, na ni cha mtu mmoja au cha familia nzima?
5. Mtoto mchanga anaandikishwa ndani ya siku ngapi?
6. Mambo gani hayalipiwi?
7. Kazi ikisimama au kuisha, bima inaisha siku ileile?

Jibu la mdomo linasahaulika, hivyo omba nakala ya masharti. Una haki ya kujua kilichonunuliwa kwa mshahara wa nyumba yako. Kampuni binafsi ya bima ikikataa dai bila maelezo, TIRA ndiyo mamlaka inayosimamia bima nchini na inapokea malalamiko.

Wako akina baba watakaoshangaa fomu ya ofisini kujadiliwa jikoni. Waambie kwa upole: daktari hatamuuliza baba mtoto alianza kukohoa lini, ataniuliza mimi. Anayejibu swali la daktari ana la kusema pia juu ya kadi. Fomu ikirudi ofisini ikiwa na majina yaliyokubaliwa na wote wawili, na ngazi zenu tatu za hospitali zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mnakuwa mmeshafanya sehemu kubwa ya kazi kabla homa haijaingia ndani.